Biskuti za Alhamisi

Walimrudisha Mama Constance nyumbani siku ya Jumatatu, amelazwa kwenye godoro nyuma ya kamioneti ya kanisa. Mume wake, Papa Cyrille, alikaa karibu na kichwa chake njia nzima, akimkinga jua kwa kofia yake. Kiharusi kilikuwa kimempiga wiki mbili nyuma akianika muhogo uani. Upande wa kulia wa mwili ulikuwa umekufa, mdomo umevutika chini, na katika maneno yote aliyokuwa nayo maisha yake yote ilibaki sauti moja tu, "e-e", ambayo aliitumia kwa kukubali na kwa kukataa pia.

Muuguzi aliyewasindikiza, msichana mpole aliyeitwa Joëlle, alisimama mlangoni akaeleza taratibu, kama mtu anayejua kwamba hatasikilizwa vizuri.

"Papa, kule hospitali alikuwa anakula uji. Kidogo kidogo, lakini alikuwa anakula. Ni Rosine, binti yenu, njo alikuwa anamulisha. Muendelee vile vile. Maji matupu hapana, yatamupalia. Mumupe kitu cha kulainika, kizito kidogo. Asipokula, hata dawa haitafanya kazi."

"Atakula," alisema Papa Cyrille. "Niko hapa."

Alikuwa mtu wa miaka sitini na saba, fundi wa mashine za boti, na mikono yake ilikuwa bado na weusi wa mafuta kwenye mistari ya viganja ingawa alistaafu zamani. Kanisani alikuwa shemasi. Neno lake, nyumbani na nje, lilikuwa halirudiwi mara mbili. Jioni ile ile alitoa sebuleni kiti chake cha mbao chenye mikono, kile ambacho watoto hawakuruhusiwa kukikalia, akakiingiza chumbani na kukiweka kando ya kitanda. Akatangaza kwamba hataondoka pale mpaka mke wake asimame. Majirani walisikia, wakasema mwanamume wa namna hiyo siku hizi hapatikani.

Rosine, binti yao, alikuja na bakuli la uji. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, miaka thelathini na mmoja, na ndiye mtoto pekee aliyebaki nyumbani; kaka yake Wilfried alikuwa na kazi na familia yake Kongolo. Aliketi ukingoni mwa kitanda, akachota kijiko, akakipeleka mdomoni mwa mama yake.

Mama Constance alifunga mdomo.

"Mama, kidogo tu."

Mdomo ulibaki umefungwa. Papa Cyrille aliinama kutoka kwenye kiti chake, uso wake ukawa karibu kabisa na uso wa mke wake. "Mama Wilfried, kula. Dada wa hospitali amesema ule."

Mama Constance alifumba na macho.

"Papa," alisema Rosine bila kumtazama, "ungetoka nje kidogo, ukapate hewa. Umekaa tangu mchana."

"Nitoke niende wapi? Bibi yangu iko mugonjwa, mimi niende kupata hewa?"

Rosine alikoroga uji uliokuwa unapoa, akajaribu tena, kisha akaurudisha jikoni kama alivyouleta.

Ilikuwa vile vile Jumanne, na Jumatano. Walijaribu mchuzi wa ndakala, dagaa wa ziwani, wakajaribu ndizi zilizopondwa na viazi vilivyochujwa. Mama Constance alisukuma kijiko kwa mkono wake wa kushoto, na mara moja bakuli lilianguka likamwagikia shuka. Papa Cyrille hakukasirika. Alipangusa mwenyewe, akakaa tena, akamkazia macho mke wake kama alivyokuwa akiikazia macho mashine iliyokataa kuwaka, akingoja ajue tatizo liko wapi.

*

Alhamisi Joëlle alipita kumwona. Alibana ngozi ya mkono wa mgonjwa kwa vidole viwili, na ngozi ilibaki imesimama.

"Anakauka," alisema, akahesabu siku nne kwa vidole. "Siku ine? Na hospitali alikuwa anakula vizuri. Kitu gani kimebadilika?"

Rosine alikuwa anatazama sakafu.

"Basi, wakati alikuwa muzima, alikuwa anapenda nini? Kitu chochote. Hata kama ni cha kitoto."

"Samaki," alisema Papa Cyrille upesi. "Kuhe wa kuchoma."

Rosine aliinua kichwa. Kuhe wa kuchoma alikuwa chakula cha baba yake. Mama yake alikuwa akipenda mkia tu, au ndivyo alivyokuwa akisema kila siku.

"Biskuti," alisema Rosine kwa sauti ndogo. "Anapendaga biskuti za kuchovya katika chai."

Papa Cyrille aligeuka. "Biskuti? Mimi naishi na huyu mama miaka makumi ine na mbili. Sijamuona akichovya biskuti hapa nyumbani."

"Ndiyo, Papa."

"Basi biskuti ni vizuri," alisema Joëlle, akifunga mkoba wake. "Ichovye mpaka ilainike yote, lakini isitiririke. Na musichelewe. Kesho nikikuta hajakula, tutamurudisha hospitali tumuwekee mupira wa kumulishia."

Mama Constance alipopitiwa na usingizi, Papa Cyrille alivaa kofia akaenda mwenyewe kwenye butike ya Papa Zacharie, barabarani. Hakuwa amezoea butike. Kwa miaka yote alitoa pesa asubuhi na vitu vilikuwa nyumbani jioni. Alikuta wanawake watano wakisubiri mafuta na sabuni, wakampisha kwa heshima, na hilo lilifanya mambo yawe mabaya zaidi, kwa sababu sasa wote walimsikiliza.

"Nataka biskuti," alisema.

"Biskuti gani, Papa?"

"Za kuchovya katika chai."

Papa Zacharie aliangalia rafu iliyokuwa nyuma yake. Kulikuwa na paketi za kila rangi. "Zote zinachovywa, Papa. Ni za nani?"

"Za bibi yangu. Iko mugonjwa."

"Pole sana. Yeye anapendaga zipi?"

Papa Cyrille alitazama rafu. Alijua ukubwa wa kila bolti ya mashine alizowahi kuzifungua, na angeweza kuitambua boti kwa mlio wake kabla haijatokea. Alitazama paketi nyekundu, za njano, za buluu, na jasho likamtoka chini ya kofia. Mwishowe alinyoosha kidole kwenye paketi ya juu kabisa, yenye picha ya matunda, iliyokuwa ya bei kuliko zote.

"Zile."

"Papa, samahani," alisema msichana mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni. "Zile ni za krimu. Hazichovywi. Krimu inayeyuka, inafanya mafuta juu ya chai."

"Nimesema zile."

Nyumbani Rosine alitengeneza chai. Biskuti ilipoingia, krimu iliyeyuka, na utando wa rangi ya waridi ukaelea juu ya kikombe. Mama Constance aliamka, akaitazama chai, akamtazama mume wake aliyekuwa ameshika kikombe, akageuza uso ukutani.

Papa Cyrille alikwenda kumwaga ile chai uani. Ng'ambo ya ua wa matete, jirani yao Mama Viviane alikuwa anafua. Alikuwa ameona yote yaliyotoka katika nyumba ile siku nne: mabakuli yaliyojaa, kuku wakila uji.

"Papa Cyrille," aliita, "kama ni mambo ya biskuti, umuulize Mama Jeannette. Yule wa chai, kule karibu na bandari."

"Juu ya nini yeye? Sababu gani? Anamujua bibi yangu?"

Mama Viviane aliendelea kusugua kola ya shati. "Umuulize tu, Papa."

*

Ijumaa asubuhi, Rosine akiwa shuleni, Papa Cyrille alimwomba Mama Viviane akae na mgonjwa, akashuka kwa miguu mpaka bandarini. Tangu ziwa lipande na kumeza njia ya zamani, wauza chai walikuwa wamehamia juu kidogo, kwenye mabanda ya mabati. Banda la Mama Jeannette lilikuwa na mabenchi matatu, thermosi nne, na mabati ya biskuti yaliyopangwa kwa ukubwa. Abiria wa boti ya kwenda Zongwe walikuwa wanakunywa haraka haraka, mizigo katikati ya miguu.

Papa Cyrille alipojitambulisha, Mama Jeannette aliweka chini kitambaa chake. Alikuwa mwanamke mnene, wa umri wa Constance, mwenye sauti ya kukwaruza.

"Ee Yesu. Bwana wa Constance. Na mimi nilikuwa namungoja. Siku ya ine tatu zimepita, Alhamisi tatu, hata jana hakuja. Nikasema labda ameenda Kongolo kuona wajukuu."

"Alikuwa anakuja hapa?"

"Papa, ni miaka! Kila siku ya ine, akitoka kuimba mazoezi ya koro ya wamama. Fasi yake ni pale, kwenye kona. Chai moja, biskuti ine. Hazidishi, hapunguzi."

Papa Cyrille alitazama kona ile. Kijana mmoja wa boti alikuwa ameikalia, akipuliza chai.

"Biskuti gani?" aliuliza.

Mama Jeannette alicheka, na kicheko kilikuwa na upendo. "Ah, juu ya biskuti usimuchezee! Yeye njo alinifundisha biashara. Anasema zile za glukosi ni za wazee wa haraka: ukigusisha tu, imekufa. Za nazi zinaacha muchanga chini ya kikombe. Petiberi ni muzuri, lakini inapinda, unaipeleka mudomoni ikiwa imeinama kama mutu wa kuomba msamaha. Siku moja mufanyabiashara wa Kigoma aliniletea za tangawizi, Constance akaichovya, akaionja, akasema, Jeannette, hii haitaki chai, inataka kuliwa peke yake, ni ya kiburi." Alifungua bati la mwisho, lililokuwa chini. "Yeye anapenda hizi."

Zilikuwa biskuti za mraba, ngumu, zisizo na sukari nyingi, zenye matundu madogo. Papa Cyrille alizijua. Waliwapa mabaharia wakisafiri, kwa sababu hazikuharibika na zilikuwa rahisi.

"Hizi? Hizi ni chakula cha kwenye boti. Hizi hata mbwa..." Hakumaliza.

"Njo hizo. Unahesabu mpaka tano, pole pole. Ndani inalainika kama mukate, inje inabaki inashikana. Haikatiki. Anasema ni biskuti ya kuaminika."

Papa Cyrille aliketi kwenye benchi bila kualikwa. Boti ya Zongwe ilipiga honi, abiria wakainuka wote pamoja, na banda likabaki tupu.

"Mama Jeannette, nyumba yangu haikukosa chai hata siku moja. Wala sukari. Juu ya nini alikuwa anakuja kula huku inje, kama mutu hana kwake?"

Mama Jeannette alianza kukusanya vikombe. "Papa, unataka niseme?"

"Sema."

"Ulimukataza."

"Mimi?"

"Siku mulipokea wakwe, wale wa upande wa bibi wa Wilfried. Aliweka chai na biskuti nzuri mezani, akachovya yake kama alivyokuwa anafanya kwao tangu utoto. Ikakatika. Ikaanguka ndani ya kikombe. Akaitafuta kwa kidole, ikamwagikia kitambaa cha meza. Ukamuambia mbele ya watu wote: hapa si kwenye kambi ya wavuvi, toka, uende kula jikoni." Alisita. "Akainuka akaenda jikoni. Wageni wakabaki wanatazama vikombe vyao."

Papa Cyrille alitafuta kichwani mwake. Alikumbuka wakwe wale, alikumbuka mazungumzo ya mahari na suti aliyovaa. Kikombe hakukikumbuka.

"Mimi sikumbuki hiyo."

"Ndiyo, Papa. Na yeye aliniambia kwamba haukumbuki."

Alimfungia biskuti katika karatasi, akakataa pesa yake. Alipoondoka, Mama Jeannette alisema kutoka nyuma, "Alikuwa ananihadithia akicheka, Papa. Lakini alinihadithia mara nyingi."

*

Mama Viviane alimpokea mlangoni akitabasamu. "Amekula! Uji wa jana niliupasha moto. Vijiko saba, Papa. Na alikuwa anautaka."

"Mungu ni mwema," alisema Papa Cyrille, na alisema kwa moyo wote. Alifikiri ni kwamba mwili umeanza kupona. Mama Viviane akarudi kwake.

Alichemsha maji mwenyewe. Ilimchukua muda kupata majani ya chai yalipowekwa, na muda zaidi kupata kichujio, katika jikoni ya nyumba aliyoijenga kwa mikono yake. Alileta kikombe, akakaa kwenye kiti chake, akachukua biskuti ya mraba na kuichovya. Akahesabu mpaka tano, pole pole. Ilitoka nzima, imevimba kidogo, inanukia.

"Mama Wilfried. Angalia. Ni zako. Nimetoka kwa Jeannette."

Mama Constance aliitazama biskuti. Macho yake yalibadilika, aliitambua. Koo lake lilipanda na kushuka. Kisha aliinua macho mpaka kwenye uso wa mume wake, uliokuwa karibu, ukingoja, na mkono wake wa kushoto ukaanza kutambaa juu ya shuka. Ulikamata ukingo wa kitenge, ukauvuta, shida kwa shida, mpaka kikafunika mdomo wake uliopinda. Akabaki hivyo, akimtazama juu ya kitenge.

Papa Cyrille alikaa na biskuti mkononi mpaka chai ikaanza kumtiririkia kwenye kifundo cha mkono. Sasa aliona siku zote nne kwa mara moja. Hospitali wanaume waliruhusiwa kuingia kwa muda wa saa moja tu kila mchana, na alikuwa anakula. Leo alikuwa ametoka, na alikula vijiko saba. Uji ulikuwa mzuri, mchuzi wa ndakala pia. Kitu kilichobadilika kilikuwa yeye, na kiti chake.

Mdomo ule haukuweza tena kushika chakula vizuri. Kitu lazima kingemwagika, kingechafua. Na mke wake angekubali kufa na njaa kuliko kumwagikiwa mbele yake.

Aliweka kikombe chini. Akainuka, akashika kiti kwa mikono yake miwili, akakiburuta sebuleni, akakipitisha mlangoni kwa ubavu, akakiweka inje kwenye barza.

Rosine alimkuta hapo alipotoka shule. Alikitazama kiti, akamtazama baba yake.

"Papa, ni nini?"

"Biskuti ziko juu ya meza. Utengeneze chai ingine. Uhesabu mpaka tano." Alikuwa anatazama njia. "Ufunge mlango."

Rosine aliingia, na mlango ukafungwa. Baada ya muda Papa Cyrille alisikia kijiko kikigonga kikombe, akasikia sauti ya Rosine ikisema kitu, kisha ikacheka kidogo. Rosine alipotoka, kikombe kilikuwa tupu.

"Tatu," alisema. "Amekula tatu."

*

Basi Papa Cyrille alihamia barzani. Jumamosi na Jumapili, na juma lote lililofuata, saa za kula alikuwa nje na mlango umefungwa. Watu waliopita walimsalimu kwa namna mpya. Shemasi mwenzake, Papa Théophile, alisimama siku moja na baiskeli yake akauliza kama amechoka na mgonjwa, kwamba mambo ya mke hayaachwi kwa mtoto. Papa Cyrille alisema, "Ndiyo, ndugu," akamwacha aende na fikira yake.

Ndani, Mama Constance alipata nguvu. Joëlle alibana ngozi, na ngozi ikarudi mahali pake. Aliweza kukaa, ameegemea mito miwili, na mkono wa kushoto ulianza kushika vitu. Papa Cyrille aliingia asubuhi na jioni, saa ambazo hapakuwa na chakula karibu, akamwambia boti zipi zimeingia. Wakati mwingine mke wake alijibu "e-e".

Jumatano ya pili Rosine alichelewa shuleni kwa mkutano wa mitihani, na Mama Viviane alikuwa amekwenda Niemba kuvuna karanga. Saa kumi ilipita. Mama Constance hakuwa amekula tangu asubuhi. Papa Cyrille alizunguka uani mara mbili, kisha akaenda jikoni kutengeneza chai, na safari hii alijua majani yalipo.

Alisogeza kigoda upande wa kushoto wa kitanda, karibu na mkono mzima. Juu yake akaweka kikombe kisichojaa sana, na sahani yenye biskuti nne.

"Mama Wilfried, Rosine hajafika. Nimeweka hapa. Mimi nitakaa, juu nikuache peke yako ukapaliwa itakuwa mubaya. Lakini sitaangalia."

Aliketi sakafuni, mgongo kwenye kitanda, uso kwenye ukuta. Ukutani palikuwa na ufa ambao hakuwahi kuuona, umeshuka kutoka dirishani mpaka chini. Aliufuata kwa macho. Kisha akasikia biskuti ikikwaruza sahani. Bila kutaka akaanza kuhesabu, moja, mbili, tatu, na kwenye tano akasikia matone yakirudi kikombeni, kisha sauti ya mdomo unaofanya kazi kwa shida, unafyonza, unatafuna, unapumua. Ilikuwa sauti mbaya, kama ya mtoto mchanga au mtu mzee sana. Alikaa ndani ya sauti ile bila kusogea.

Biskuti ya pili ikaenda vile vile. Katikati ya ya tatu kitu kilianguka, kitu laini, na mabega yake yakaanza kugeuka yenyewe. Akayazuia.

"E-e," alisema Mama Constance.

"Niko hapa. Siangalii."

"E-e."

Papa Cyrille alishusha pumzi. "Unataka nigeuke?"

"E-e."

Angeweza kuwa anasema ndiyo. Angeweza kuwa anasema hapana. Sauti haikupanda wala kushuka. Mikono yake ilikuwa juu ya magoti, na aliitazama. Hakugeuka. Baada ya kitambo akasikia tena biskuti ikikwaruza sahani.

*

Jumamosi asubuhi, kabla ya saa moja, kabla hata moto haujawashwa, kiharusi cha pili kilikuja. Joëlle alipofika akikimbia, hapakuwa tena na la kufanya. Alisema ni mshipa wa damu uliopasuka kichwani, haikuwezekana kuuzuia, kwamba walikuwa wamemtunza vizuri sana.

Walimzika Jumatatu. Wilfried alifika kutoka Kongolo siku ile ile, na vumbi la njia bado kwenye nyusi, akalia kaburini kwa sauti kubwa. Papa Cyrille hakulia. Alisimama mahali walipomsimamisha na kukaa walipomkalisha.

Jumanne mchana, uani pakiwa pamejaa, wamama wa koro upande mmoja na wanaume wa kanisa upande mwingine, Papa Théophile alisimama kutoa neno. Alikuwa msemaji mzuri. Alisema juu ya uvumilivu wa marehemu, juu ya sauti yake kwenye koro. Kisha akamgeukia mfiwa.

"Na huyu ndugu yetu. Wanaume, mutazame mufano. Bibi yake alipoanguka, aliweka kiti kando ya kitanda, akasema, sitaondoka. Siku ine, usiku na mchana, hakuondoka. Njo kupenda huko."

Watu waliitikia. Wanawake wengine walipangusa macho.

Papa Cyrille alisimama. Walidhani anataka kushukuru, wakanyamaza.

"Ni kweli," alisema. "Siku ine nilikaa pale. Na siku ine hakula." Sauti yake haikuwa kubwa, wale wa nyuma walisogea. "Alikuwa na njaa. Alikuwa anaona haya kula mbele yangu, juu zamani nilimufukuza mezani mbele ya wageni, kwa sababu ya biskuti. Mimi nilisahau. Yeye hakusahau. Siku nilitoa kiti changu inje, njo siku alikula. Basi musiseme nilikaa. Museme nilitoka. Nilichelewa kutoka."

Akakaa. Papa Théophile alibaki amesimama, kitabu cha nyimbo mkononi, mdomo wazi kidogo. Wilfried alimtazama baba yake kama mtu asiyemjua. Ilikuwa aibu, aibu ya wazi mbele ya kanisa zima, na hakuna aliyejua aiweke wapi. Mwishowe kwenye mabenchi ya wanawake sauti ya kukwaruza ya Mama Jeannette ilianzisha wimbo, na wengine wakaushika kwa haraka, kwa shukrani.

*

Watu walipungua siku ya tatu. Asubuhi, wakati Wilfried bado amelala, Rosine alikuwa anafagia uani na Papa Cyrille ameketi kwenye mkeka, karibu na mlango wa jikoni. Rosine alifagia mpaka alipomfikia, akasimama, fagio mkononi.

"Papa."

"Sema, mama."

"Mimi nilijua."

Papa Cyrille alimtazama.

"Nilijua juu ya nini hakuwa anakula. Tangu siku ya kwanza. Kule hospitali alikuwa anangoja utoke, halafu anafungua mudomo. Nilijua." Alishika fagio kwa mikono miwili. "Siku ine nilikuwa nabeba uji, narudisha uji. Nilikuwa naona anakauka. Sikukuambia."

"Uliniambia nitoke nipate hewa."

"Nilisema mara moja. Ulikataa, nikanyamaza."

"Juu ya nini haukunieleza wazi?"

Rosine alitazama fagio. "Nilikuogopa, Papa."

Alikuwa mwanamke mzima, watoto arobaini na tano walisimama alipoingia darasani. Papa Cyrille alifungua mdomo kusema kwamba hajawahi kumpiga, kwamba alimlipia masomo mpaka mwisho, kwamba katika nyumba hii hakuna aliyekosa kitu. Hayo yote yalikuwa kweli. Hakuyasema.

"Na sasa?" aliuliza. "Unaniogopa bado?"

Kuku walikuwa wanafukua pale alipokwisha fagia. Rosine alifikiri kwa uaminifu, kama anavyofikiri mtu aliyeulizwa swali mara ya kwanza.

"Ndiyo, Papa," alisema. "Kidogo."

Papa Cyrille alitikisa kichwa taratibu, akikubali. Kisha akajisogeza kwenye mkeka, akaacha nafasi. Rosine alisimama kidogo, akaweka fagio ukutani, akaja akakaa. Hakukaa karibu sana.